Chanjo ya homa ya ini B katika kliniki ya VVU: sindano safi, kipimo hakuna

Huduma ninayoitathmini hapa ni chanjo ya homa ya ini ya aina B inayotolewa bila malipo katika kliniki ya VVU ya kituo kimoja cha afya cha serikali, mashariki mwa Uganda, mwendo wa saa moja na ushei kwa taksi kutoka Busia ninakoishi na kufundisha Kiswahili. Kituo chenyewe sikitaji jina, kwa sababu katika niliyoyaona pale yapo ya kusifiwa na yapo ya kulalamikiwa, na wahudumu wake wamenitendea wema tangu nilipoanza dawa mwaka 2011. Kwenda mbali hivyo nilikuchagua mwenyewe, maana mwalimu anayechukulia dawa mjini kwake huishia kuketi benchi moja na wazazi wa wanafunzi wake.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumanne moja ya Februari. Nesi aliyesimama mbele ya mabenchi alitangaza kwamba kila ambaye hajawahi kupimwa homa ya ini B angepimwa siku hiyo kabla ya kuchukua dawa zake, na mama mmoja muuza mitumba aliyeketi kando yangu akanyoosha mkono, akasema yeye alikwisha kuchanjwa zamani alipokuwa akipeleka mzigo Juba, na kadi yake ya manjano anayo mkobani.

"Hiyo ni ya homa ya manjano, mama," nesi akamjibu bila kumdharau. "Ile huletwa na mbu. Hii ya leo inapita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kujifungua."

Mimi mtu wa lugha nililipenda sana jibu hilo. Macho kugeuka manjano ni dalili inayoweza kuonekana katika magonjwa yote mawili, na katika mazungumzo ya sokoni majina yake huchanganywa ovyo, hata mtu akaweza kuishi miaka kumi akiamini kwamba ana kinga asiyokuwa nayo. Kituo kinachomsahihisha mtu mbele ya wenzake bila kumwaibisha kimefanya kazi ambayo bango la ukutani haliwezi kuifanya.

Kipimo kilikuwa cha haraka. Ncha ya kidole ilichomwa, tone la damu likawekwa kwenye kifaa kidogo cha plastiki, yakafuata matone mawili ya dawa, nasi tukaambiwa tusubiri robo saa. Kwangu ulitokea mstari mmoja tu, ule unaothibitisha kwamba kifaa kinafanya kazi, na huo ndio niliokuwa nauombea. Kipimo hicho hutafuta protini ya ganda la kirusi. Ni protini iliyogunduliwa na Baruch Blumberg miaka ya 1960, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na ni hiyo hiyo inayowekwa ndani ya chanjo, ikizalishwa siku hizi na hamira iliyopandikizwa maelekezo ya kuitengeneza. Nayasema haya kwa sababu swali lililoulizwa mara nyingi zaidi kwenye benchi letu lilikuwa kama chanjo inaweza kumpa ugonjwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Haiwezi, kwa kuwa ndani ya kichupa hamna kirusi kizima, cha kuishi wala kilichouawa.

Kwamba walitupima kwanza ndipo wakatuchanja, nalihesabu kuwa jema la kwanza la huduma hii, kwani chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa, na aliyekutwa na kirusi anahitaji kufuatiliwa ini lake na kuchaguliwa dawa kwa uangalifu. Kwa sisi wenye VVU jambo hili ni zito. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 2.7 wanaishi na virusi vyote viwili, na inajulikana kwamba VVU huharakisha safari ya homa ya ini B kuelekea makovu ya ini na saratani. Nchini kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2005 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya 10 ana maambukizi, na ule wa 2016 hadi 2017 ukakuta takriban asilimia 4 ya watu wazima. Watoto wamekuwa wakipata kinga ndani ya chanjo ya mseto ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tangu 2002, na kampeni ya kuwachanja watu wazima ilianzia kaskazini mwaka 2015 kisha ikasambaa kwa awamu. Hesabu yake ni ya kuchekesha kidogo: wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wamekuwa na kinga hiyo tangu wakinyonya, na mimi ninayewafundisha methali za kinga na tiba sikuwa nayo.

Nilikuwa na swali langu pia, na nadhani wengi wanaomeza vidonge vyetu wanalo. Tangu 2018 kituo chetu kimetuhamishia kwenye kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir, na nilikuwa nimesikia kwamba mbili za mwanzo huizuia homa ya ini B pia.

"Sista," nikamwuliza, "kama dawa yenyewe inakizuia hicho kirusi, sindano ni ya nini?"

"Ni kweli inakizuia, mwalimu," akasema. "Lakini siku figo zako zikikataa hiyo dawa tukakubadilishia, au ukahamia zile sindano za miezi miwili miwili, utabaki na nini?"

Hakulikwepa swali. Tenofovir na lamivudini hukandamiza kirusi cha homa ya ini B, na zinaaminika kupunguza uwezekano wa kukipata, ila kinga hiyo ni ya kuazima: ipo maadamu kidonge kimo mwilini. Sindano hizo za VVU, za cabotegravir na rilpivirini, ambazo zimefanyiwa majaribio hapa Uganda pamoja na Kenya na Afrika Kusini, hazikigusi kirusi hicho kabisa, na ndiyo maana mtu hupimwa homa ya ini B kabla ya kuhamishiwa huko. Hata anayeacha dawa kwa wiki kadhaa, kama inavyotokea mtu akisafiri au akikata tamaa, hubaki wazi. Chanjo ikishika, haina haja ya kukumbukwa kila asubuhi.

Sasa sindano yenyewe, ambayo ndiyo sehemu ninayoipa alama za juu. Nesi alitoa kichupa kwenye boksi la baridi, akakigeuza hadi nikaiona alama ndogo iliyopo kwenye lebo, duara lenye mraba katikati. Alinieleza kwamba mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaungua kwa joto, na ukishafanana rangi na duara au kuzidi, kichupa hutupwa. Ule wa kwangu ulikuwa mweupe. Kisha akakitikisa mpaka kimiminika kikawa cheupe kwa ukungu, mfano wa maji yaliyooshea mchele. Ukutani juu ya jokofu palikuwa na karatasi ya joto iliyojazwa asubuhi na jioni kwa kalamu ya buluu, namba zote zikiwa kati ya nyuzi 2 na 8, hata za Jumamosi na Jumapili. Hizo za wikendi ndizo nilizozitazama kwa makini zaidi, kwani karatasi ya uongo huwa ina wikendi tupu, au ina namba moja iliyorudiwa kuanzia juu mpaka chini. Chanjo hii huvumilia joto kuwazidi wengi wa wenzake, lakini ikiganda barafu imekufa, na kwa macho tu si rahisi kuijua iliyokufa.

Nilipoanza kulegeza mkanda wa suruali kwa mazoea ya sindano za zamani, alinizuia. "Mkono, mwalimu. Hii haipigwi huko." Kumbe kwenye makalio mafuta huizuia isifike kwenye msuli, na kinga inayojengeka huwa dhaifu. Alichoma msuli wa bega, nikakaa robo saa nikiangaliwa, na bega likauma siku moja tu, kiasi cha kuniudhi nilipokuwa nikiandika ubaoni.

Yote haya ni bure, na ningeyatafuta hapo hata kama yasingekuwa bure. Duka moja la dawa lilikuwa limeniambia kwamba chanjo wanayo, ila jokofu lilikuwa nyuma ya pazia na sikuruhusiwa kukiona kichupa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu chanjo bandia za homa ya ini B zilizokutwa zikizunguka hapa Uganda, na tangu hapo mimi sichomwi kitu nisichokisoma lebo.

Lawama zangu zinaanzia kwenye kalenda. Dozi ni tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Lakini sisi ambao virusi vyetu vimefubaa tunapewa dawa za miezi mitatu au sita ili tusijazane kituoni, utaratibu mzuri ambao kila mtu aliufurahia, na hakuna aliyekaa akazioanisha kalenda hizo mbili. Dozi ya pili inaangukia mwezi ambao mgonjwa hana sababu nyingine yoyote ya kupanda taksi. Tarehe yangu iliandikwa kwenye kadi ya chanjo, wala haikuandikwa kwenye kadi ya dawa ambayo ndiyo ninayoitazama, hakuna aliyenipigia simu, na mimi nikakumbuka Aprili badala ya Machi nilipokuwa nikitafuta risiti ya ada kwenye droo. Karani akataka kuniandikisha upya kama mtu wa dozi ya kwanza. Yule nesi akamwambia aache: dozi ikichelewa hairudishwi mwanzo, unaendelea ulipoishia. Laiti asingekuwepo siku hiyo, ningekuwa nimeanza tena, na sijui kama ningemaliza.

Kuhusu kadi yenyewe nina neno. Ile ya kwanza ilikuwa na namba yangu ya kliniki ya VVU imeandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, na kadi ya chanjo ni kitu ambacho mwajiri au chuo kinaweza kukuomba ukionyeshe. Nilipoomba nyingine isiyo na namba, kadi zilikuwa zimeisha, nikapewa kadi ya homa ya manjano yenye kichwa kilichokatwa kwa kalamu na maneno "Homa ya ini B" yakaandikwa juu yake. Nilimkumbuka yule mama wa mitumba nikacheka peke yangu, lakini si jambo la kuchekesha likimfika mtu asiyejua kutofautisha.

Dozi ya tatu ilinigharimu safari tatu. Agosti niliambiwa chanjo imeisha wilaya nzima. Septemba ilikuwepo, ila zamu ilikuwa ya nesi mwingine, naye akakataa kufungua kichupa cha dozi 10 kwa ajili ya watu wawili. "Nikikifungua, nane zinamwagika," alisema, akatutaka turudi tukitimia kumi. Sikubishana naye, kwa kuwa hofu ya kupoteza mali ya serikali ni hofu ya heshima, lakini alikuwa amekosea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kichupa cha chanjo hii, ambacho ni cha kimiminika chenye kihifadhi, kitumike hadi siku 28 baada ya kufunguliwa, mradi kimekaa kwenye baridi inayotakiwa, tarehe haijapita na ile alama ya joto haijabadilika. Oktoba nesi wa kwanza alikuwa zamu, akakifungua kwa ajili ya watu watatu, akaandika tarehe ubavuni mwa kichupa kwa kalamu ya wino mzito, akakirudisha jokofuni. Ilimchukua dakika moja. Tofauti ya wahudumu wawili wa chumba kimoja ilikuwa nauli yangu ya kwenda na kurudi, na yule kijana tuliyekuwa naye Septemba sikumwona tena.

Nafika kwenye pengo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Baada ya sindano ya tatu nilipigiwa muhuri, nikaambiwa hongera, nimemaliza. Kwa mtu asiye na VVU ningekubali, kwa sababu walio wengi sana kati ya watu wazima wenye afya hujenga kinga baada ya dozi tatu. Kwetu sisi haiendi hivyo. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2011 uliwachanja watu wenye VVU kwa njia mbalimbali: waliopata dozi tatu za kawaida za maikrogramu 20, waliojenga kinga walikuwa asilimia 65, na waliopata dozi nne za maikrogramu 40, asilimia 82. Mwanamume mwitikio wake huwa hafifu kuliko wa mwanamke, umri ukipita 40 hupungua zaidi, na CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga katika damu, zikiwa chini huushusha tena. Mimi ni mwanamume wa miaka 47 ambaye CD4 zake hazijawahi kupanda sana. Kwa hiyo muhuri ule ulithibitisha kwamba nilichomwa mara tatu, na haukuthibitisha kingine.

Kinachothibitisha ni kipimo cha kingamwili, kinachofanywa mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, na ambacho kwa watu wenye VVU kinapendekezwa waziwazi. Ukipata miliyuniti 10 kwa mililita au zaidi, umekingwa. Chini ya hapo, hesabu kwamba hukuchanjwa. Nilipokiulizia nikajibiwa, "Hapa hatuna, mwalimu," kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Hakuna aliyesema niende wapi. Desemba nilikilipia mwenyewe katika maabara ya binafsi mji mwingine, kwa bei iliyozidi nauli zangu zote za mwaka ule za kufuata chanjo, na jibu likarudi kwenye karatasi nusu: 6.

Nilikaa na ile karatasi garini muda mrefu kuliko nilivyokaa na majibu mengine ya maisha yangu yaliyokuwa mabaya zaidi. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimetii kila nilichoambiwa.

Naomba nieleweke kwamba siwalaumu kwa ile 6. Mwili ni wangu. Nawalaumu kwa kuwa wasingeijua kamwe, na pia kwa wale waliokuwa benchi moja nami, ambao huenda mmoja kati ya watatu wao anatembea na kadi yenye mihuri mitatu na damu isiyo na kinga. Kama kipimo ni ghali mno kwa kituo cha ngazi ile, na ninaamini ni ghali, basi lipo jambo lisilogharimu shilingi: kumwambia mgonjwa kwamba kipo, wakati gani kifanywe, na kuiandika namba ya kulenga kwenye kadi. Najua pia kwamba chanjo bora zaidi ipo duniani. Ile iitwayo Heplisav-B, katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2024, iliwapa kinga asilimia 93 ya watu wenye VVU ambao chanjo ya awali haikuwashika, kwa dozi mbili na asilimia 99 kwa dozi tatu, huku ya kawaida ikifikia asilimia 81. Kichupa chake sijakiona kituoni kwetu, na sikitathmini kituo kwa kukosa kitu ambacho hakikuletewa.

Walivyonipokea niliporudi na karatasi yangu kunanirudisha kwenye sifa. Tabibu wa zamu aliisoma mara mbili, akakiri kwamba hilo hakulikutana nalo kabla, akatoka nje kumpigia simu daktari wa hospitali ya rufaa, na baada ya nusu saa akaja na mpango: mfululizo mpya, safari hii dozi mara mbili, sindano moja kila bega, ya leo, ya mwezi wa kwanza, wa pili na wa sita. Kumwona mtabibu akikubali mbele ya mgonjwa kwamba hajui, kisha akaenda kuuliza, ni jambo ambalo sijalipata katika kliniki nyingi za kulipia. Tarehe zote nne aliziandika kwenye kadi yangu ya dawa, kwa wino mwekundu, na mhudumu rika wetu, ambaye naye anaishi na virusi, akanipigia simu siku mbili kabla ya kila moja.

Anayetaka kwenda katika kliniki ya aina hii, ningemshauri afike mapema siku ya kliniki, aombe kukiona kichupa, na atamke mwenyewe kwamba tarehe za chanjo ziandikwe kwenye kadi ya dawa. Akiambiwa arudi wakitimia kumi, amwulizie nesi mkuu. Aweke pia akiba ya kipimo tangu dozi ya kwanza, kidogo kidogo, kwa kuwa miezi sita si haba. Mwenye CD4 za chini asingoje zipande ndipo achanjwe. Achanjwe sasa, apimwe baadaye.

Mfululizo wangu wa pili uliisha Juni. Agosti nilirudi kwenye maabara ile ile, dirisha lile lile, na karatasi nusu ikasomeka 187. Niliipeleka kituoni Jumanne iliyofuata. Nesi aliibandika kwa pini nyuma ya kadi yangu ya homa ya manjano iliyokatwa kichwa, kisha akaniomba ruhusa ya kuipiga picha, namba yangu akiifunika kwa kidole gumba, ili awaonyeshe wenzake wa zamu nyingine.